Nilifunga siku 21 nikaongezeka kilo 3

Bwana asifiwe wapendwa. Hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwaka nikisema ntaandika ntaandika, leo umeme umekatika tangu asubuhi, mashine ya ovaloki haifanyi kazi, basi nimeona nikae niandike.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, fremu yangu iko upande wa Mwanjelwa, nashona nguo za kina mama na sare za kwaya. Kanisani naimba sauti ya pili. Nina miaka 43, nina mume na watoto watatu. Nimeokoka nikiwa kidato cha pili, pombe sijawahi kuonja, sigara sijui hata inashikwaje, kwaiyo mtu akihubiri habari za kiasi mimi nilikua naitikia amina kwa sauti nikijua hapo wanasemwa wengine.

Sasa mwaka juzi mwezi wa kwanza kanisa likatangaza mfungo wa siku 21, wa kufungua saa 12 jioni. Nilifunga zote, sijaruka hata moja, na kiroho nilibarikiwa kweli, kuna jambo la mtoto wangu Mungu alilijibu ndani ya zile siku na siwezi kulikana mpaka nakufa. Ila ngoja niwaambie jioni zangu zilivyokua. Saa 12 tukishasema amina naanza na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na chapati mbili, hiyo ni ya kufungulia tu. Saa 2 usiku wali, mchele wa Kyela ule unaonukia mpaka nje, na nyama ya kukaanga, na soda. Kabla ya kulala chai nyingine na karanga kwa sababu mwezi wa kwanza kwetu mvua haikatiki na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Na moyoni nilikua najiambia nina haki, nimeshinda njaa kutwa nzima kwa ajili ya Bwana.

Desemba nilikua nimepima kwenye mizani ya duka la dawa nikakuta kilo 86. Mfungo umeisha, nikapita palepale, 89. Nikashuka nikapanda tena. 89. Yule kaka wa duka akaniambia mama mizani haina tatizo.

Nikaondoka, nikasema labda ni maji. Sikutaka kulifikiria.

Kilichonikamata ni sare za Pasaka. Kwaya yetu kina mama tuko 24 na vipimo vya wote ninavyo kwenye daftari tangu 2016, kwa sababu ndo mimi nawashonea kila mara. Kwa wasiojua ushonaji, ukishona nguo unaacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni, ili mtu akinenepa unafungua mshono unaachia. Kawaida naacha inchi moja. Kwa kwaya yangu nilikua nimeshazoea kuacha mbili, tena bila kuambiwa na mtu, mkono wenyewe ulikua unajua. Siku hiyo nafungua daftari naangalia kurasa za nyuma naona kiuno 30, 32, 34, 37, mtu yuleyule, miaka inaenda na namba inapanda, na ukurasa wangu mimi haupo. Miaka yote hiyo nilikua najishonea kwa kuweka gauni la zamani juu ya kitambaa na kuongeza kidogo kwa macho. Sijawahi kujipima.

Nikamwita binti ninayemfundisha kazi nikamwambia nipime. Akazungusha futi kamba akasema, "Mama, 41." Nikamwambia rudia, hujakaza vizuri. Akakaza. "41 mama." Alisema kwa sauti ya chini, ana heshima yule mtoto, akaandika kwenye daftari akageuka kuendelea kukata bitana.

Wiki ileile kulikua na upimaji wa bure karibu na soko, nikaenda. Presha 150 kwa 95. Sukari hawakunipima siku hiyo kwa sababu nilikua nimekunywa chai, wakaniambia nirudi kesho yake sijala, nikarudi ikasoma 6.6. Nesi alikua mama mtu mzima, akanikalisha pembeni akanieleza taratibu, kwamba ukipima hujala tangu usiku ikafika 7 na ikarudia hivyo siku nyingine basi hicho ni kisukari, wewe mwanangu hujafika lakini umesimama mlangoni. Akaniuliza urefu wangu, nikamwambia inchi 62. Akasema kiuno kizuri ni kile kisichozidi nusu ya urefu wa mtu. Mimi ni fundi, hesabu za inchi hazinipi shida, 31. Nilikua nimezidi inchi 10.

Niliogopa, na sababu ya kuogopa ilikua na sura. Mama mkubwa wangu yuko Tukuyu, kisukari anacho zaidi ya miaka kumi, mguu wa kushoto amekatwa vidole viwili. Ilianza na ndala mpya iliyomkwaruza kati ya vidole. Hakusikia. Ndo kitu cha kutisha cha ule ugonjwa, sukari ikikaa juu mda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anatembea na kidonda hasikii maumivu, na damu nayo haifiki vizuri kwaiyo kidonda hakiponi. Yeye aliona soksi imelowa. Mimi ndo niliyekua namsafisha kile kidonda wiki tatu nilizokaa kule, namfunga bandeji asubuhi na jioni, nikimaliza nanawa mikono, alafu nakaa kwenye jiko naweka chai yangu vijiko vitatu. Yaani mambo hayo mawili yalikua hayajawahi kukutana kichwani mwangu.

Usiku wa siku ile ya 6.6 sikuweza kulala, nikafungua Biblia Wagalatia 5 kwa sababu nilikua nataka ile sehemu ya tunda la Roho, nimeikariri tangu Sunday school, upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Ila safari hii nikaanza juu yake kidogo, kwenye matendo ya mwili, na mstari wa 21 ukanisimamisha. Umeandikwa husuda, ulevi, ulafi. Ulevi na ulafi yamekaa bega kwa bega, na miaka yote nimesikia mahubiri ya mstari ule tukifika ulevi tunapiga makofi tunasonga mbele. Mimi mwenyewe nimewahi kuongoza kipindi cha kina mama kwa mstari huo nikaongea ulevi dakika arobaini, na tulipomaliza tukala pilau na soda mbili mbili.

Sisemi kula pilau ni dhambi, jamani nisieleweke vibaya. Nasema niliona kwamba kiasi sio kitu cha mtu wa baa. Na niliona kitu kingine ambacho ndo hasa kimenifanya niandike, kwamba mimi kufunga nilikua naweza na kula kwa kiasi siwezi. Kufunga kuna mwisho, unajua saa 12 inafika, kanisa zima mnafunga wote, kuna mkesha, kuna nyimbo. Kusema imetosha wakati sufuria bado lina wali na hamna mtu anayekuangalia, hiyo nilikua sijawahi kuifanya hata siku moja. Nilikua natumia mfungo kama mtu anayelipa deni la mwaka mzima kwa wiki tatu, alafu naanza kukopa upya jioni ileile.

Kesho yake kabla wateja hawajaja nikafanya jambo moja pale kwenye meza ya kukatia. Nilitandika kipande cha bitana nyeusi, nikachukua sukari na kijiko cha chai. Chupa ya soda ninayokunywa ni ya mililita 350, na hizi soda zenye sukari za kawaida zinakua na kama gramu 37, hiyo ni vijiko vya chai tisa. Nilikua nakunywa mbili kwa siku, moja saa 5 na nyingine saa 10, nikahesabu 18 nikamwaga. Chai vikombe vinne, vijiko vitatu vitatu, 12, nikamwaga. Vijiko 30. Nilisimama naangalia kile kilima cheupe juu ya kitambaa cheusi, na hapo sijaweka keki wala maandazi wala juisi ya jumapili. Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima asizidi kama vijiko 12 vya sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwezekana ashuke mpaka 6. Kwa wiki nilikua namaliza zaidi ya robo tatu ya kilo peke yangu. Binti yangu wa kazi alikuja akauliza mama tunafanyaje na hii sukari, nikamwambia rudisha kwenye kopo.

Mngetegemea hapo nikabadilika, ila nilianza kwa kupotea. Kwanza nilinunua dawa ya unga ya kupunguza tumbo kwa dada mmoja aliyekua anauza mtandaoni, elfu 45, nikaharisha siku nne mpaka nikashindwa kusimama kwenye cherehani, nikaitupa. Alafu nikasema nafuata mfano wa Danieli. Biblia yetu ya Union inasema "watupe mtama tule, na maji tunywe," basi nikanunua unga wa mtama kilo tano nikaanza kupika ugali wa mtama asubuhi mchana jioni, baba watoto alivumilia siku mbili, ya tatu akaniuliza kwa upole mke wangu hii ni mpaka lini. Nikaenda kwa mchungaji. Akanionyesha kwenye Biblia ya Habari Njema, tafsiri nyingine, pale pameandikwa mboga za majani, akanieleza kwamba jambo sio mtama, alafu akanisomesha mstari wa 15 ambao mimi sijawahi kuutilia maanani: baada ya siku kumi wale vijana miili yao ilikua imenenepa zaidi kuliko wenzao. Wamenenepa! Watu tunaitumia Danieli 1 kama dawa ya kupungua wakati yenyewe inasema walinenepa. Mchungaji akanirudisha mstari wa 8, Danieli "aliazimu moyoni mwake." Akasema angalia ameazimu lini, chakula cha mfalme kilikua hakijaliwa bado. Meza ikishawekwa mbele yako na una njaa umechelewa, mama.

Hilo ndo limenisaidia kuliko vitu vyote. Kuazimu kabla. Nikienda harusi au sendofu naamua nikiwa bado nyumbani navaa hereni: ntachukua sahani moja, wali kijiko kimoja kikubwa, mboga nyingi, nyama vipande viwili, maji. Naiombea kabisa, naitaja mbele za Mungu kama ninavyotaja mambo mengine, mwanzoni niliona aibu kuomba habari za wali lakini Paulo kasema mlapo au mnywapo fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu, kwaiyo na wali umo. Nikifika ukumbini mhudumu akija na kreti siamui kitu tena, nilishaamua.

Sukari ya chai nilishuka pole pole, wiki tatu vijiko viwili, wiki tatu kimoja, alafu nusu, alafu nikaweka tangawizi na mchaichai nyingi, sasa hivi nakunywa bila. Mwezi wa 6 na wa 7 ulikua mgumu kweli maana baridi ya Mbeya mnaijua, mkono unatafuta kikombe wenyewe. Soda niliacha ghafla, kichwa kiliniuma siku tano. Nyumbani tulitoka kwenye sembe tukaenda dona, watoto walilalamika rangi, sasa wamezoea. Sahani yangu nusu ni mboga, mchicha, chainizi, figiri, matembele, robo ni ugali au ndizi, robo ni maharage au dagaa. Parachichi kwetu sio kitu cha matajiri, zinashuka kutoka Rungwe kwa matenga, nakula nusu mchana na nusu nampa binti. Sijanunua kitu chochote cha ajabu. Kwa hesabu yangu matumizi ya chakula yamepungua, maana soda na maandazi ya kila siku fremuni ilikua hela nyingi ambayo sikua naiandika popote.

Dawa za presha naendelea nazo, walinipa na nameza kila siku, kuna mpendwa aliniambia niziache kwa imani nikamshukuru nikaendelea kumeza. Mkono uliomfunga mama mkubwa bandeji hauwezi kufanya mchezo huo.

Ugumu mkubwa haukua tumbo, ulikua watu. Kwetu mwanamke akiwa mnene wanasema amebarikiwa, mume anamtunza. Nilipoanza kupungua, ile miezi minne ya kwanza, watu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya msiba, dada unaumwa? Mama mmoja alinifuata mpaka fremuni akaniambia nimuoneshe vidonge ninavyomeza, alishaamua mwenyewe nina ugonjwa gani. Kuna walioanza kumwangalia mume wangu vibaya. Kwenye ibada za nyumbani ukikataa kuongezewa mwenyeji anakua mnyonge, anasema umekidharau chakula changu, na mimi nimelelewa kwamba chakula cha mtu hakikataliwi. Nilichojifunza ni kufika jikoni mapema, nasaidia kupakua, namwambia mwenyeji taratibu mama, daktari amenipa masharti, naomba nijipakulie mwenyewe ntakula chakula chako chote nitakachochukua. Na kweli nakimaliza, na namsifia. Hapo hamna anayekasirika.

Sasa nije kwenye kosa langu, hili ni zito kwangu kuliko lile la vijiko 30. Nilivyofika kiuno 37 nikaanza kuwa na jicho baya. Naangalia sahani za wenzangu. Nikawa nawahesabia. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya mama mmoja wa sauti ya kwanza alikua anakula sambusa ya tatu, nikamwambia mbele ya watu wote, dada na wewe ulafi utakupeleka kaburini. Aliweka ile sambusa chini. Hakusema neno. Alichukua mkoba wake akatoka, na jumapili mbili hakuja kuimba. Baadae nikaambiwa siku ile alikua hajala tangu asubuhi, alitoka hospitali kumuuguza mama yake, akapitiliza mazoezini ili asikose.

Yaani Biblia niliyoshika kunisaidia mimi nimeigeuza fimbo. Nilisoma Warumi 14, asiyekula asimhukumu huyo alaye, nikalia pale pale kwenye kiti cha cherehani. Nilimfuata kwake jioni, nikapiga magoti mlangoni kama tunavyofanya kwetu, nikamwambia dada yangu nimekukosea mbele ya watu na ntakuomba msamaha mbele ya watu. Akaniinua. Alikua amepika ndizi na maharage, akanikaribisha, nikala na yeye. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikasema.

Tangu siku hiyo sahani ya mtu mwingine siigusi hata kwa macho. Mtu akiniuliza namjibu, asiponiuliza nashona nguo yake na akiba ya inchi mbili naacha bila kusema kitu.

Na mimi sijamaliza, msidhani. Mwezi uliopita kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu nilikula keki vipande vitatu na soda, nilikua sijaazimu chochote, nilitoka nyumbani kwa haraka gari linanisubiri. Usiku nilikosa amani, ila sikujiadhibu kwa kufunga kesho yake kama ningefanya zamani. Asubuhi niliomba, nikala uji wa ulezi usio na sukari na yai, nikaenda kazini. Mara ya mwisho kupima sukari ilikua 5.7, presha 132 kwa 84, kiuno 36, kilo 77. Imechukua miezi 14. Mfungo wa mwaka huu nilifungulia uji na matunda, alafu chakula cha usiku sahani moja, na cha ajabu ndo mfungo ambao sikuwa nasinzia kwenye mkesha.

Yule mama wa sauti ya kwanza alikuja fremuni wiki chache baada ya mambo yetu, akakaa kwenye stuli ya wateja, akasema, "Nasikia unatembea asubuhi." Nikamwambia natembea ila naogopa giza, naishia pale barabarani tu nageuka. Akasema na mimi naogopa giza. Sasa tunatembea wawili, saa 11 na nusu, siku nne kwa wiki, tunapandisha kilima na kushuka, yeye anashika sauti ya kwanza mimi ya pili, tukiishiwa pumzi kwenye mlima tunanyamaza tunaendelea na beti tukifika juu. Kesho tunaanzia kwake, njia ya kwangu mvua imeharibu.

Umeme umerudi, nina magauni manne ya kumaliza kabla ya jumamosi.